Chemka kwa miguu, na kuyafuata maji hadi Machame

Ijumaa jioni, Moshi mjini

Kikundi chetu cha kutembea kina watu wa kila namna: walimu wastaafu, muuguzi, mafundi cherehani, vijana wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na mimi niliyeletwa Moshi na kazi kutoka Pangani nikahamia moja kwa moja. Safari zetu ni nyepesi. Hatupandi vilele, hatushindani kwa mwendo, na anayechoka husubiriwa. Kesho tunakwenda chemchemi ya Chemka, ile ambayo wengine huiita Kikuletwa na wengine Maji Moto, tukitembea kutoka Boma Ng'ombe. Ni kama kilomita 13 za barabara ya vumbi inayoshuka polepole kuelekea kusini.

Wengi wetu tumeshafika Chemka kwa gari. Unateremka, unaoga, unakula mishikaki, jioni unarudi mjini. Kwa miguu nilitaka kwenda kwa sababu yangu mwenyewe. Nimekulia mahali mto Pangani unapoingia baharini, nikivuka kwa pantoni kwenda Bweni kwa shangazi, na utotoni sikuwahi kujiuliza maji yale mengi yanatoka wapi. Ukubwani ndipo nilipoifuata ramani kwa kidole: maji ya Chemka huingia mto Kikuletwa, Kikuletwa hukutana na Ruvu, ile ya huku Kilimanjaro, katika bwawa la Nyumba ya Mungu, mto unaotoka hapo ndio Pangani, unaopita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, ndipo ufike kwetu. Tangu hapo nimetamani kuukaribia mwanzo wake kwa hatua zangu, nione ardhi inavyobadilika njiani.

Tumegawana mizigo. Mwalimu anayetuongoza ametuma ujumbe: kila mtu maji ya kunywa lita tatu, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, kanga au taulo, na ndala za kuvaa majini. Kuna wa kuleta chapati, kuna wa viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Mimi nimejitolea mkate wa kumimina. Nazi nimeipata sokoni Mbuyuni, imekomaa vizuri, na mchele uliolowekwa tangu asubuhi umeshasagwa. Naandika haya huku unga ukiumuka jikoni.

Jumamosi, Boma Ng'ombe hadi Chemka

Saa 12 asubuhi tulikuwa stendi. Ni Oktoba, mvua za vuli bado, na asubuhi za mwezi huu mlima huwa wazi kabla mawingu hayajapanda. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilionekana chote, na vipande vya barafu vilivyobaki vikiwaka jua la kwanza. Kila abiria wa daladala alikitazama, hata konda aliyekiona tangu azaliwe.

Kabla ya kufika Boma, barabara kuu ya Arusha inavuka mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu. Nilikaa dirishani makusudi nizione zote. Daraja la Kikafu ndilo linalonikamata zaidi: bonde ni refu na la kijani, na chini kabisa mto unang'aa kati ya mawe. Maji ya mito hii yote mwisho wake ni Kikuletwa. Kwa hiyo hata kabla sijashuka garini nilikuwa nimeshavuka Pangani mara kadhaa.

Boma tulikunywa chai kwa mama ntilie karibu na stendi, chapati na maharage, tukaanza kutembea saa 1:30. Lami ikaisha mapema. Baada ya nyumba za mwisho nchi inafunguka, tambarare, migunga imetawanyika, nyasi zimekauka hadi kuwa rangi ya udongo. Vumbi la huku ni laini sana, la majivu ya volkano. Ukikanyaga linapanda mpaka magotini, na gari likipita mnasimama nyote mkageuza nyuso. Muuguzi wetu aliwafunga kanga puani wale wenye pumu. Naisema kwa sababu ni jambo la msaada: njia ni nyepesi kwa miguu, lakini mapafu yanahitaji kutunzwa.

Mwendo wa huko ni wa salamu. Mchungaji wa Kimaasai mwenye mbuzi wengi alitusindikiza kwa muda, akatuonyesha njia ya mkato inayokwepa barabara ya magari. Mbele kidogo tulikutana na mama anayeswaga punda wawili, kila mmoja ana madumu manne ya njano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona kwa miguu, gari limeharibika?"

"Hapana mama, tunatembea tu. Tunakwenda Chemka."

"Haya, nyie mnakwenda kuoga, sisi tunakwenda kuteka."

Alicheka, nasi tukacheka naye, tukafuatana kipande cha njia. Nilimuuliza anatembea umbali gani kila siku. Akanionyesha kwa kidevu kundi la miti mbele, na nyumba yake kwa nyuma, mbali. Kiangazi kama hiki huenda asubuhi na akarudi tena alasiri. Baada ya kuachana naye tulitembea kimya kwa muda. Kila dumu likijaa ni lita 20, na punda ana miguu, lakini anayelijaza ni yeye.

Kuelekea Rundugai mambo yalibadilika ghafla. Mguu mmoja uko kwenye vumbi, wa pili uko kandokando ya mfereji wenye maji. Mahindi mabichi, nyanya, vitunguu, maharage, migomba. Vijana walikuwa wanafungua na kuziba matoleo ya maji kwa udongo na majani ya migomba, kila mtu akiangalia saa kwenye simu yake ili zamu ya jirani isiliwe. Jua ni lile lile, udongo ni ule ule, tofauti yote imeletwa na chemchemi. Mimi niliyetoka pwani, ambako mvua huja na upepo wa bahari, nilihitaji kuliona hili kwa macho ili nielewe watu wa huku wanapolisema neno maji kwa uzito ule.

Saa 5 kasoro tulifika. Tulilipa kiingilio getini, tukaingia chini ya miti, na joto likaanguka palepale.

Kwa asiyefika: ni dimbwi la rangi ya buluu inayoelekea kijani, limezungukwa na mikuyu mikubwa ambayo mizizi yake imeteremka hadi ndani ya maji. Maji ni maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto chini, kisha ukitia mguu unagundua kina ni kirefu kuliko ulivyodhani. Si ya moto. Ni vuguvugu tu, ya kukaa humo saa nzima bila kutetemeka. Yanabubujika kutoka chini ya miamba bila kelele, na upande mmoja yanatoka kwa kijito chenye nguvu. Samaki wadogo huja kudonoa nyayo. Ukituliza mguu wanajaa, ukicheka wanatawanyika. Kuna kamba ya kubembea kwenye tawi, na vijana wa kijiji hukodisha mipira ya matairi ya kuelea.

Tuliwahi kabla magari ya watalii hayajajaa, kwa hiyo kwa muda tulikuwa na wenyeji tu. Wasiojua kuogelea walikaa upande wa mizizi, ambako kuna mahali pa kushikilia. Hili nalisisitiza kwa wanaokuja na watoto: katikati ni kirefu, na mkondo wa kwenye kijito unavuta. Kodisheni mpira, na mtu mzima mmoja abaki juu akitazama.

Mimi niliingia taratibu, nikajilaza chali, masikio ndani ya maji. Nikawaza kwamba haya ninayoyalalia yatapita kwenye zile shamba, yatakaa Nyumba ya Mungu pamoja na wavuvi wake, yatashuka Hale, na kama hayatanyweka njiani yatafika kwenye gati ya pantoni. Nyumbani kiangazi mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini, na wakulima wa kingoni huyaona kwenye mazao yao. Mtu wa Pangani ana kila sababu ya kuyajali maji ya wilaya hii ya Hai.

Baada ya kula, mwalimu mstaafu wa jiografia alituketisha kwenye mizizi. Kijana mmoja alikuwa ameuliza swali ambalo huulizwa kila mara: barafu ya Kibo ikiisha, Chemka itakauka?

Akajibu kwa utulivu. Barafu imepungua sana, hilo kweli. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Lakini barafu ndogo kiasi hicho, kwenye kilele kikavu, haiwezi kulisha mito yote hii. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha chini zaidi, kwenye mkanda wa msitu wa upande wa kusini, ambako kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kidogo hufika zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huku tambarare tunapata sehemu ndogo tu ya hiyo. Msitu unakamata mvua, unakamata hata ukungu kwenye kuvumwani na majani, na udongo wake laini unayanywesha maji mpaka kwenye miamba ya volkano yenye vitundu. Yanasafiri chini ya ardhi, yanachujwa, na yanapofika huku chini yakazuiwa na tabaka gumu, yanatafuta pa kutokea. "Mlima huu," alisema, "ni mtungi wa udongo. Mdomo wake tumeuzoea kuutazama, lakini unakovuja ni huku kitakoni."

"Kwa hiyo tuitunze miti, sio theluji?" kijana akauliza.

"Theluji huwezi kuitunza ukiwa Moshi, mwanangu. Miti unaweza."

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi. Huzuni yote tunayoionyesha kwa barafu, na picha zote tunazopiga za kile kilele cheupe, ni haki yake. Lakini msitu wa Kilimanjaro haupigwi picha hivyo. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani kwa siku nyingi. Usiku tuliuona kutoka mjini, mistari myekundu juu kabisa, na iliungua takriban kilomita za mraba 95. Watu waliuliza kama wapandaji wako salama. Ni wachache niliowasikia wakiuliza chemchemi zipi zinanyweshwa na eneo lile.

Kuhusu hapo penyewe Chemka nina la kusema pia. Kijiji kinapata riziki, na ninafurahi: wenye mipira, wenye mishikaki, wenye bajaji, mama wa soda. Ila vibanda vinazidi kusogea majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuziharibu kingo za maji, zikae umbali wa mita 60 kutoka kingo hizo, na sababu iko wazi ukisimama pale: mizizi ya mkuyu ikikanyagwa kila siku inavuliwa udongo, na mkuyu ukianguka kivuli kinaondoka, na ukingo unaondoka nao. Niliona pia watu wawili wakioga kwa sabuni. Mama mmoja wa kikundi chetu aliwaendea kwa adabu, "Samahani wanangu, wenzetu wanayatumia haya kule chini," wakatoka na sabuni yao bila ugomvi. Chupa tulizokuta kwenye majani tuliziokota, zikajaa mfuko mmoja wa sandarusi, tukaupandisha kwenye bajaji.

Tulirudi Boma kwa bajaji saa 10, kwa sababu jua la alasiri kwenye vumbi lile halina faida kwa mtu mzima. Anayetaka kurudi kwa miguu aondoke Boma alfajiri zaidi yetu. Mkate wa kumimina uliisha kabla ya chapati.

Jumapili, Machame

Ratiba ya kikundi ilikuwa ya siku moja tu. Lakini jana kwenye bajaji mazungumzo hayakuisha, na mwalimu akasema kwamba tukitaka kuuona upande wa pili wa habari, twende Machame, kwa mzee mmoja ambaye ni ndugu yake wa ukoo. Waliotoka ibada ya kwanza wakakubali. Tulikutana njia panda ya Machame saa 4.

Kwa daladala unapanda kwa muda mfupi tu, na unavaa sweta. Jana tulikuwa kwenye migunga, leo tuko kwenye vihamba: migomba juu, kahawa chini yake, miparachichi, mivule michache iliyobaki, na majani ya ng'ombe pembezoni. Wilaya ni ile ile ya Hai. Mtu anaweza kuuona upande wa juu na wa chini wa wilaya moja ndani ya saa mbili, ila wengi wa juu hawajawahi kushuka Chemka na wengi wa chini hawajapanda huku.

Mzee alitupokea kwa mtori. Tukala kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akachukua jembe lake begani, jembe la kufungulia maji, akatuongoza kwenye mfongo.

Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga, umechimbwa kwa mkono kufuata ukingo wa kilima, ukichukua maji mtoni juu kwenye korongo na kuyaleta vihambani kwa mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Wageni wa kwanza wa Kizungu waliofika hapa katika karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inafanya kazi. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alifika mpaka Machame katika safari zake. Habari yake ya theluji karibu na ikweta ilibishaniwa London kwa miaka. Nilipokuwa natembea kwenye ukingo ule mwembamba, maji yakipita kwa kasi pembeni ya kiatu changu, nilijiuliza kwa nini ubishi wote ule ulikuwa wa theluji, wakati chini yake watu walikuwa wamekwisha kuupangia maji mlima mzima.

Nilimuuliza mzee kuhusu zamu.

"Kila mfongo una watu wake. Una mwenyekiti. Ukichimbwa na ukoo fulani, ukoo huo una sauti. Siku ya kusafisha mnatoka wote. Usipotoka, unalipa faini, na zamu yako ya maji inarukwa."

"Na mwaka huu maji yakoje, mzee?"

"Yapo. Lakini zamani zamu ya usiku ilijaza nduwa kabla jogoo hajawika. Sasa kumekucha, na nduwa ni nusu."

Nduwa ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku ili yatumike mchana. Alituonyesha yake, imezungushiwa mawe, ukingo umeota nyasi. Kuutunza mfongo ndiko kunakomtesha kuliko jambo lolote. Vijana wameondoka kwenda mjini, kwa hiyo siku ya kusafisha wanajitokeza wazee, na sehemu ya mfongo iliyoporomoka kwenye mvua za masika bado haijazibwa vizuri. Tulipofika pale tuliona maji yakitoroka kwenye ufa, yakiteremka korongoni. Mzee akaweka gome la mgomba, akashindilia udongo kwa mguu, na kwa muda yakatii.

Tukapanda mpaka mpaka wa msitu. Kipande hicho wenyeji bado wanakiita Nusu Maili. Kilitengwa mwaka 1941 kama ukanda wa kuwapa wanavijiji kuni, mbao na majani bila kugusa msitu wa ndani. Sasa mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro umeshuka hadi huku: msitu uliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005. Mzee ana maoni pande zote mbili. Anakubali kwamba ukataji ulikuwa umezidi, na kwamba ndani ya miaka hii miti imerudi mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekata tamaa. Lakini anasema mama anayehitaji mzigo wa majani kwa ng'ombe wa zizini hana pa kwenda, na mtu akikatazwa bila kusikilizwa huwa haulindi msitu kwa moyo. Nakubaliana naye. Ulinzi wa kudumu utatoka kwa wale ambao mfongo wao unaanzia ndani ya ile miti.

Hatukuingia msituni, hatukuwa na kibali. Tulisimama ukingoni. Kuvumwani zinaning'inia kwenye matawi, ardhi ina majani mazito ya kuoza, na ukisukuma mkono ndani ni baridi na majimaji hata sasa katika kiangazi, wakati Boma mtu anafunga pua kwa kanga. Kijana aliyeuliza swali la barafu alichota udongo ule akaukamua, na maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. Mwalimu hakuongeza neno.

Tulipokuwa tunaagana, fundi cherehani mmoja wetu akasema tumekuja kutazama na kula mtori wa watu, na ule ufa tumeuacha pale pale. Mzee akataka kukataa kwa heshima, mwalimu akamkatiza. Tumekubaliana hivi: wikiendi ya kwanza ya Novemba, kabla vuli haijakolea, tunarudi Machame siku ya kusafisha mfongo. Mwenyekiti wa mfongo amepigiwa simu na ametukubalia. Kila mtu aje na jembe au sepetu, karai moja kwa watu wawili, na gambuti kwa sababu ukingo unateleza. Chakula tunajitegemea, tusiwape wenyeji mzigo. Mama mmoja ameahidi kiburu, mimi nitaleta tena mkate wa kumimina, safari hii sinia mbili. Mkutano ni njia panda ya Machame, saa 1 kamili asubuhi, na aliyezoea kuja Chemka kuoga ajue amealikwa.